Ukijua alikufa lini, unajua alikufa kwa nini: mwongozo kamili wa kufuga viti vya pweza, urumba na majongoo bahari nyumbani

Picha ninazoletewa zinafanana. Kiti cha pweza wa buluu, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, amejibandika kwenye kioo, ncha ya mkono mmoja imekuwa nyeupe na imelegea kama muhogo uliosahaulika jikoni. Kesho yake mkono umekatika. Keshokutwa mnyama mzima ni uji. Na swali ni lile lile: nimpe dawa gani?

Hakuna dawa. Ila kuna swali ninalouliza mimi kwanza: ulimnunua lini?

Akijibu wiki iliyopita, au wiki mbili, basi mnyama aliuawa na maji siku aliyofika. Alichofanya baadaye ni kumalizia kufa. Akijibu miezi mitano, mnyama alikufa njaa, polepole, mbele ya macho ya mwenyewe. Sehemu kubwa ya vifo ninavyoonyeshwa inaangukia kwenye moja ya hizo mbili.

Viti vya pweza, urumba (wale wa duara wenye miiba) na majongoo bahari (wale laini wanaotambaa mchangani) ni ukoo mmoja, na udhaifu wao ni mmoja. Samaki ana figo na matamvua ya kumsaidia kusawazisha chumvi mwilini. Hawa hawana. Maji ya bahari ndiyo yanayojaza mirija yao na kuendesha vile vimiguu laini vya kunyonya vilivyo chini ya mwili. Chumvi ya nje ikibadilika ghafla, ya ndani inabadilika nayo, na seli zinavimba au zinanywea. Samaki anaweza kuvumilia kosa hilo. Kiti cha pweza hawezi.

Fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio wake. Wengi wanaokwama walianzia hatua ya tano.

## Vifaa

- Tangi la lita 250 au zaidi. Chini ya hapo unaweza kufuga urumba mdogo, lakini si kiti cha pweza wa buluu wala jongoo.
- Rifraktomita ya maji ya bahari, yaani kifaa cha kupimia chumvi, pamoja na kichupa cha maji ya kuisahihishia yenye kipimo cha chumvi cha 35.
- Chumvi ya akwariamu ya matumbawe. Chumvi ya jikoni haina kalisi, magnesi wala alkali inayotakiwa.
- Maji ya RO/DI (yaliyochujwa hadi yasibaki na kitu), ya mashine yako au ya kununua, na kipima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kinachosoma 0.
- Mwamba hai (mawe ya bahari yenye bakteria na viumbe vyake), na mchanga laini wa chokaa wa kutosha kina cha sentimita 5 hadi 8.
- Pampu za kuzungusha maji, kila moja na sponji mdomoni. Sponji si hiari.
- Vipimo vya amonia, nitriti, nitreti, alkali na shaba.
- Feni ya kupuliza juu ya maji kwa walio pwani. Hita kwa walio Nairobi, Arusha au Ulaya.
- Mpira wa hewa, yaani mrija mwembamba, wa mita mbili na koki yake ndogo.
- Ndoo mbili mpya ambazo hazijawahi kuona sabuni. Ziandike kwa wino usiofutika, la sivyo mtu atazifulia.
- Pampu ya hewa ya betri, kwa ajili ya siku umeme ukikatika.
- Kaboni ya kuchujia, mfuko mzima, ikae kabatini ikingoja siku mbaya.
- Tochi ya mwanga mwekundu.

Taa za bei mbaya sikuziandika kwa makusudi. Wanyama hawa hawaishi kwa mwanga. Kama hufugi matumbawe, pesa ya taa inunulie mashine ya maji.

## Hatua ya 1: Chagua mnyama anayefaa, si anayependeza

Duka hupanga wanyama kwa rangi. Wewe wapange kwa chakula.

Viti vya pweza wenye mikono myembamba. Hawa ndio wenye mikono mirefu inayojinyonganyonga kama mikia ya mijusi, na mchana hujificha chini ya mawe. Anza nao. Ukoo wa Ophiocoma umejaa kwenye miamba ya pwani yetu. Maji yakianza kujaa utawaona wakitoa mikono nje ya nyufa na kuzoa utando wa chakula unaoelea juu. Wanakula karibu chochote. Onyo ni kwa yule wa kijani, Ophiarachna incrassata. Akikua hujiinua juu ya mikono yake kama mwavuli, anasubiri samaki apite chini, kisha anajishusha. Ukiona samaki wanapungua bila maiti kuonekana, msake huyo.

Urumba. Wanafaa pale tangi linapoota mwani kuliko unavyotaka. Tripneustes gratilla, mfupi wa miiba, anapatikana hapa kwetu na hula kutwa kucha. Hujifunika vitu: makombe, vipande vya mwani, na tumbawe lolote ambalo hukuligundisha. Nilitafuta kipimajoto changu siku nzima, kumbe kimevaliwa kama kofia nyuma ya mwamba. Vaa glavu unapomshika, kwani katikati ya miiba ana vikoleo vidogo vyenye sumu. Yule mweusi wa miiba mirefu, Diadema, mwachie mwenye tangi kubwa na mikono mizito.

Majongoo bahari. Holothuria atra, yule mweusi anayejipaka mchanga mgongoni, na Holothuria edulis, mwenye tumbo la waridi, ni wafagiaji wazuri wa mchanga. Sharti mchanga uwe mwingi na uwe na umri. Majongoo wana sumu mwilini, na huitoa wakijeruhiwa au wakifa bila kuonekana. Wale wa rangi kali wanaotandaza minyiri majini kama ua, Pseudocolochirus, usiwanunue. Wanahitaji chembe za chakula majini muda wote, na wakifa na kuoza wanaweza kuondoka na samaki wako.

Kiti cha pweza wa buluu, Linckia laevigata. Ndiye kila mtu anamtaka, na ndiye anayekufa. Mweke mwisho kwenye orodha yako, baada ya kukaa na wengine mwaka mmoja. Wale wadogo wekundu wa jamii ya Fromia wana tabia zile zile, ila tumbo ni dogo.

Wasiofaa kabisa. Yule mkubwa mwenye vinundu vyekundu, Protoreaster linckii, ambaye watalii hupiga naye picha ufukweni, hula sifongo, chaza na matumbawe laini. Yule wa kujichimbia mchangani, Astropecten, atakula kila kiumbe kilicho kwenye mchanga wako, kisha atakufa njaa.

Kama una samaki aina ya kikande au bunju kwenye tangi, ishia hapa. Watamng'ata mikono mmoja mmoja.

Na kabla hujajiokotea ufukweni: katika hifadhi kama Watamu, Malindi, Kisite na Chumbe hairuhusiwi kuchukua kitu chochote. Kwingineko muulize kwanza ofisa uvuvi wa eneo lako. Majongoo wana sheria kali zaidi, na aina ya Holothuria nobilis na Holothuria fuscogilva wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Agosti 2020, kwa hiyo kuwavusha mpaka bila kibali ni kosa.

## Hatua ya 2: Tengeneza maji yasiyoyumba

Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Nitaandika 35 tu. Kwenye rifraktomita inayoonyesha uzito linganishi, hiyo ni 1.026.

Jaza ndoo maji ya RO/DI, washa pampu ndani yake, kisha mimina chumvi kidogo kidogo. Usianze na chumvi halafu ukaongeza maji, kwani kalisi itaganda chini kama chokaa. Chumvi nyingi za dukani hutaka gramu 35 hadi 38 kwa lita. Acha izunguke usiku kucha, upime asubuhi.

Sahihisha rifraktomita kwa yale maji ya 35, si kwa maji ya bomba. Iliyosahihishwa kwa maji matamu inaweza kusoma 0 barabara na bado ikakudanganya kwa alama mbili kule juu, ambako ndiko unakoitumia. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale unaoelea sivitumii kwa wanyama hawa: kiputo kimoja cha hewa kikinata kwenye mshale, umeshapotoshwa.

Walio pwani wanaweza kutumia maji ya bahari yenyewe. Yachote yakiwa yamejaa, siku za bamvua, mbali na bandari na midomo ya mito. Wakati wa masika usichote. Mito hushusha maji matamu, na maji ya ufukweni yanaweza kuwa 28 wakati wewe unaamini ni 35 kwa sababu tu yametoka baharini. Pima kila ndoo.

Kisha kuna maji yanayopotea hewani. Tangi la lita 250 lenye feni linaweza kupoteza lita 5 kwa siku. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Usipojazia siku tatu, 35 imeshakuwa 37. Jazia kila siku, kwa maji matamu ya RO/DI, wala usijazie kwa maji ya chumvi. Kama unasafiri sana, nunua kifaa cha kujazia chenyewe kabla ya kununua mnyama yeyote.

Joto: nyuzi 25 hadi 27. Wanyama wa pwani yetu wamezoea hata 28, kwani bahari yenyewe hufika huko kabla ya masika, lakini maji ya moto hubeba hewa kidogo. Feni hushusha nyuzi mbili tatu, na hiyo mara nyingi inatosha.

Utajua umefaulu ukipima chumvi kila siku kwa wiki mbili na namba isitoke nje ya 34.5 na 35.5. Mpaka hapo hujafika hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Acha tangi lizeeke

Wiki nne hadi sita za mwanzo ni za bakteria. Amonia inapanda kisha inashuka, nitriti inapanda kisha inashuka, nitreti inabaki. Hilo wengi wanalijua, na zikisoma 0 wanakimbilia dukani.

Ndipo wanapokosea. Tangi hilo ni salama, lakini ni tupu. Kiti cha pweza wa buluu hali chakula cha pakiti. Anatoa tumbo lake nje kupitia mdomo, analitandaza juu ya mwamba, na kunyonya utando wa bakteria, mwani mchanga na viumbe vidogo mno kuonekana. Mwamba mpya hauna utando huo.

Subiri miezi sita kwa urumba na jongoo, mwaka kwa kiti cha pweza wa buluu. Wenye mikono myembamba wanaweza kuingia baada ya miezi mitatu.

Kwa kipindi hicho usisugue miamba. Kioo cha mbele safisha, cha nyuma kiache kiote. Weka vigae viwili vitatu vya kauri visivyo na rangi mahali penye mwanga. Vitaota utando, na baadaye utavitumia kama sahani.

Maonyo mawili ya hatua hii. La kwanza: usitumie tangi la mitumba lililowahi kutibiwa samaki kwa dawa ya shaba. Shaba hujificha kwenye mwamba na mchanga, inatoka kidogo kidogo, na kwa wanyama hawa kidogo kinatosha. Pima shaba, isome 0.

La pili linatuhusu sisi zaidi kuliko waandishi wa vitabu vya Ulaya: dawa ya mbu. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuipuliza majini. Ukipuliza dawa jioni, umeipuliza na ndani ya tangi. Chumba chenye tangi kipate wavu madirishani, na dawa isipulizwe humo kabisa. Kama jirani au manispaa inapuliza nje, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa kanga iliyoloa, ufungue baada ya harufu kuisha.

Utajua umefaulu ukiona tabaka la zambarau gumu kama chokaa likitambaa kwenye miamba, na usiku, kwa tochi nyekundu, vidudu vidogo kama viroboto vikirukaruka kwenye kioo. Visipokuwepo, ongeza miezi miwili.

## Hatua ya 4: Mkague kabla hujalipa

Mwambie muuzaji amgeuze mnyama chali ndani ya maji. Mzima hujigeuza mwenyewe: wenye mikono myembamba kwa kufumba na kufumbua, kiti cha pweza mnene kwa dakika chache, akianza kwa kukunja ncha ya mkono mmoja na kutafuta pa kushika. Asiyejaribu kabisa, mwache.

Kagua ncha za mikono. Doa jeupe, kidonda au ulaini, mwache. Urumba mwenye miiba iliyolala au inayodondoka, mwache. Jongoo lazima akaze mwili ukimgusa. Aliyelegea kama soksi iliyoloa anakufa.

Kwa Linckia angalia tumboni, kwenye mifereji ya mikono, kama kuna konokono mdogo wa buluu aliyenata. Huyo ni Thyca crystallina, kupe wa viti vya pweza. Mmoja hamuui mwenyeji wake leo, lakini kwa nini uanze na deni?

Muulize muuzaji amekaa naye siku ngapi. Jibu zuri ni siku kumi na zaidi. "Amefika jana, bosi, mpya kabisa" ni jibu baya kuliko yote, hata likisemwa kwa tabasamu.

Mwisho, pima chumvi ya maji ya dukani. Maduka mengi huweka 30 au chini ya hapo, kwa sababu ni nafuu na hupunguza vimelea vya samaki. Iandike namba hiyo kwenye simu. Hatua inayofuata inaanzia hapo.

## Hatua ya 5: Mzoeshe maji

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Ushauri wa dukani ni kuelesha mfuko dakika kumi na tano kisha kumwaga. Kwa samaki mgumu unaweza kupita. Kwa kiti cha pweza aliyetoka 30 kwenda 35, umemuua. Atachukua wiki moja kukuonyesha.

Kanuni ni hii: chumvi isipande zaidi ya 1 kwa saa. Kutoka 30 hadi 35 ni saa tano. Anza asubuhi, siku ambayo huna safari.

1. Elesha mfuko uliofungwa dakika ishirini ili joto lilingane. Punguza mwanga wa chumba.

2. Fungua, pima chumvi, kisha nusa. Kama safari ilikuwa fupi na maji hayanuki, mimina mnyama na maji yake kwenye ndoo. Unataka lita 3 hivi.

3. Kama alisafiri usiku kucha kwa basi, au maji yananuka, fanya tofauti. Kwenye mfuko uliofungwa pumzi ya mnyama hutia maji uchachu, na uchachu huo huifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, hewa chafu inatoka, uchachu unapungua, na amonia ile ile inageuka sumu ndani ya dakika chache. Kumweka saa tano kwenye maji hayo ni kumpika. Tengeneza mapema lita 3 za maji mapya yenye chumvi na joto sawa na ya mfuko, mhamishie humo mara moja, maji ya mfuko yamwage.

4. Ning'iniza mpira wa hewa kutoka kwenye tangi hadi kwenye ndoo, vuta, urekebishe koki ipate matone manne kwa sekunde. Hiyo ni karibu lita 0.7 kwa saa, na kwa lita 3 za kipimo cha 30 itakufikisha 31 ndani ya saa moja.

5. Saa ya pili ongeza kasi. Kufika 32 utahitaji lita 1.25 nyingine, na kufika 33 lita 2.5 zaidi, kwa hiyo matone yageuke kuwa uzi mwembamba wa maji. Huku ndiko watu wanakochoka: wanaacha matone manne yale yale kwa saa tano, wanaamini wamemaliza, kumbe ndoo iko 32.7.

6. Ukifika 33 ndoo ina lita 7.5. Mwaga mpaka zibaki 2, mnyama akiwa amefunikwa bado. Sasa lita 2 tu za tangi zitakufikisha 34, badala ya ndoo nzima.

7. Endelea hadi 34.5. Pima joto kila nusu saa. Likishuka, weka ndoo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

8. Mhamishe kwa mkono wenye glavu au kwa bakuli lililozama. Usimng'oe. Akiwa amenata, telezesha kadi laini ya plastiki chini yake taratibu. Vimiguu vikikatika vinaacha vidonda, na vidonda vinaoza.

9. Maji ya ndoo usiyamwage ndani ya tangi. Jazia ulichotoa kwa maji mapya ya 35.

Utasikia watu wakitishana kwamba kiti cha pweza akiguswa na hewa sekunde moja basi amekufa. Wa kwetu huachwa mwambani na maji yakipwa, jua likiwapiga, na wanasubiri. Mvuvi mmoja wa Tanga alinicheka nilipomweleza hofu hiyo: "Mwanangu, hao hewa wanaijua kabla yako." Mhamishe chini ya maji kwa sababu ya vimiguu vyake, hiyo inatosha, lakini akitoka hewani kwa bahati mbaya usianze kuomboleza.

Utajua umefaulu ikiwa ndani ya ndoo, saa ya tatu au ya nne, anatembea. Asiyetembea kabisa mpaka mwisho, tangu mwanzo alikuwa anaumwa.

## Hatua ya 6: Siku kumi na nne za kwanza

Mweke juu ya mchanga karibu na mwamba, achague mwenyewe. Taa zizimwe siku hiyo. Usimlishe, usimsogeze, usimgeuze kumkagua.

Kila jioni angalia vitu vitatu: ncha za mikono, kama amehama, kama amenata sawasawa. Kujibana kwenye kona moja siku mbili si tatizo. Kuning'inia kwa mkono mmoja huku mingine imelegea ni tatizo.

Ncha ikiwa nyeupe, pima chumvi, amonia na joto kwanza. Kama vyote viko sawa, hakuna cha kufanya ila kusubiri. Baadhi hukata mkono wenyewe na kupona. Mkono huota tena kwa miezi. Akianza kuvimba katikati ya mwili au kuacha ute, mtoe. Kumwacha kwa huruma ni kuwaonea waliobaki.

## Hatua ya 7: Walishe

Wenye mikono myembamba: kipande cha kamba mbichi au ngisi, ukubwa wa punje ya kunde, mara mbili kwa wiki. Kishike kwa koleo karibu na mkono wake baada ya taa kuzimwa. Atakikunjia, na utaona kinasafirishwa hadi mdomoni kama abiria. Akilishwa hivyo hatawasumbua samaki.

Urumba: mwani ukiisha kwenye kioo, tayari ana njaa. Mpe mwani mkavu usiotiwa chumvi wala viungo, au mwani mbichi uliosuuzwa, umefungwa kwenye jiwe. Akianza kula lile tabaka la zambarau peke yake na kuacha michirizi myeupe, umechelewa.

Jongoo: usimlishe moja kwa moja, lisha mchanga. Saga vidonge vya mwani viwe unga, zima pampu, nyunyiza kidogo mchangani mara moja kwa wiki. Akiwa na afya utakuta vijiti vya mchanga nyuma yake, safi, kama tambi zilizokatwa.

Linckia ndiye mgumu. Vile vigae vya hatua ya tatu sasa vina kazi. Mwekee kimoja kwenye njia yake, na akikimaliza kirudishe kwenye mwanga, umpe kingine. Wengine hukubali kidonge cha mwani kilicholainishwa, kikiwekwa chini ya katikati ya mwili usiku. Jaribu, wala usimlazimishe.

Njaa ya wanyama hawa haina kelele. Mnyama mzima hupungua, mikono inakuwa myembamba na mifupi, ngozi inakunjamana, halafu siku moja anaporomoka. Kila tarehe mosi mpige picha akiwa kioo cha mbele, umeweka rula nje. Ukilinganisha ya Januari na ya Aprili, utaona kile ambacho jicho la kila siku halioni. Akipungua miezi miwili mfululizo, mpe mtu mwenye tangi kubwa na kongwe zaidi yako.

## Hatua ya 8: Jongoo akijeruhiwa

Hii naiandika kwa sababu ilinipata. Jongoo wangu wa kwanza alipanda kioo usiku na kukuta pampu ambayo nilikuwa nimeivua sponji ili kuisafisha, nikasema nitairudisha kesho. Asubuhi maji yalikuwa na povu na wekundu wa kutu, na samaki wanne walikuwa juu ya maji.

Ikikutokea, fanya kwa mpangilio huu, na haraka:

1. Zima pampu iliyomkamata. Pampu ya hewa iache iwake.
2. Vaa glavu. Mtoe mnyama na kila kipande unachokiona, pamoja na nyuzi nyeupe zinazonata, ambazo baadhi ya aina hurusha kujilinda. Usijishike macho.
3. Hamisha samaki kwenye ndoo ya maji mapya ya 35 yenye hewa.
4. Badilisha nusu ya maji. Ndiyo maana nashauri uwe na lita 100 za maji ya chumvi yaliyo tayari kila wakati, kwenye pipa lenye mfuniko.
5. Weka kaboni nyingi mahali maji yanapopita kwa nguvu, uibadilishe baada ya saa 24.
6. Kesho yake badilisha tena robo ya maji, pima amonia, na samaki warudi tu ikisoma 0.

Ikiwa jongoo ametoa nyuzi kwa kuudhika tu, hana jeraha na samaki wanaogelea vizuri, kaboni na kubadilisha robo ya maji kunatosha. Mwache hapo alipo. Akitulia, ndani ya siku chache atakuwa amerudi mchangani anafagia, na wewe ukague sponji za pampu zote, hata ile ya nyuma ya mwamba usiyoifikia bila kuloa hadi begani.